Sanduku Tulilolitoboa

Mtu asiniambie kwamba sanduku la spika ni mbao na misumari tu. Vijana wa siku hizi nawasikia wakibishana kwenye mabaraza, eti lipi ni bora, lile lililofungwa kabisa au lile lenye tundu, na wanabishana wakicheka, chupa mkononi. Mimi huondoka. Sina kicheko cha jambo hilo. Katika nyumba yetu ya mtaa wa Kadutu, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, mimi na mume wangu tuligombana juu ya jambo hilohilo, tukafika karibu ya kuachana, na mama yangu mzazi alikuwa chumba cha pili akifa njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Nieleze polepole, maana nikipandwa na hasira naruka mambo.

Mama alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mlimaji wa Nyangezi, na akimwita mtu kutoka upande huu wa bonde, wa upande ule aliitika. Kisha malaria ikamkamata vibaya, wakamdunga kinini mpaka homa ikaondoka, na masikio yakaondoka nayo. Huku kwetu kinini si kitu cha kuagiza mbali. Miti yake ilijaa vilimani, tumekua tukiona maganda yake yakianikwa juani. Kinini ile ilimwachia uhai, ikamnyang'anya ndege, watoto wanaolia, na sauti za watu wote. Vilivyobaki ni vishindo tu. Alisikia ngurumo. Alisikia lori likipanda mlima na mzigo. Siku za sikukuu, ngoma kubwa ya kanisa ikipigwa, aliinua kichwa akatazama mlangoni. Mengine alisoma midomoni mwetu, na akichoka alifumba macho, yakaisha. Nilimchukua nikakaa naye mjini.

Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alikuwa mpigaji wa lulanga. Asiyeijua lulanga, ni ubao mrefu uliochimbwa tumbo, nyuzi zimepitishwa juu yake. Mpigaji anakaa nayo mapajani na kuimba kwa sauti ya chini, kana kwamba anamsimulia mtu mmoja tu. Mdogo wangu alipiga vizuri, lakini alikuwa na tabia moja mbaya. Alipiga na mguu. Kisigino chake kilitwanga ule ubao wa kizingiti, viwili vya kufuatana, kisha kimoja cha kuchelewa, na vikombe vikatetemeka kabatini. Mama, enzi za masikio yake, alimpigia kelele kutoka jikoni: "Utanibomolea nyumba!" Kila jioni ilikuwa hivyo. Mama akipiga kelele, yeye anacheka na kutwanga zaidi.

Akaenda Shabunda kuchimba dhahabu kwa kampuni. Udongo ukawaangukia. Huko huko wakawazika, yeye na wenzake, kabla sisi hatujapata hata habari. Njia ni ndefu na ilikuwa mvua. Mwenzake mmoja akatuletea furushi. Ndani mlikuwa na shati, mshipi na rozari.

Sasa kiziwi unamwambiaje? Mume wangu hakuweza kunisaidia, maana kwetu mkwe hamkabili mama mkwe uso kwa uso. Akiingia sebuleni na mama yuko, alipita ukutani macho chini, na mara nyingi alibaki nyuma ya pazia la mlango. Basi ni mimi niliyemshika mabega. Nilimpigia kelele sikioni. Nilimwonyesha udongo kwa mikono yangu, jinsi unavyoanguka, jinsi unavyofunika. Alinielewa vizuri sana, wala asinisingizie mtu kwamba hakunielewa. Alichukua lile shati, akalinusa.

"Hii iko shati," alisema. "Mulimuona?"

"Hapana, maman."

"Mulimusikia akilia?"

"Hapana."

"Basi. Musiniletee shati mukiniambia iko mutoto yangu."

Wanawake walipokuja kulia naye aliwafukuza na ufagio. Haki ya Mungu, kwa ufagio! Mikeka ya kilio tuliyokuwa tumeitandika aliikunja mwenyewe akaisimamisha ukutani. Misa ya marehemu hakwenda. Ndugu walitoka Nyangezi kwa miguu wakarudi na hasira, wakisema mtoto wa watu hawezi kukaa bila kuliliwa, na kosa wakaniwekea mimi, kana kwamba machozi ya mama yamo mfukoni mwangu. Yeye kila chakula alitenga sehemu ya mwanawe, bugali na maharagi, akafunika na sahani nyingine. Akasema atakula naye akifika. Alikuwa akijidokolea kidogo sana, tonge la mtoto, kisha ananawa. Ikafika siku nikimwogesha naona mifupa ya mgongo wake yote, nikatoka nje nikalia nyuma ya choo ili asinione.

Nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka mama yangu alie. Alie, kisha ale, kisha aishi. Nani aliwahi kumwombea mama yake hivyo?

Ndipo nikakumbuka santuri. Kabla mdogo wangu hajaenda Shabunda, mzungu mmoja alikuwa amepita Nyangezi na mashine ndani ya gari, akikusanya nyimbo za watu. Alimwimbisha, akamkatia santuri palepale, nyeusi na laini, akampa. Akamwonya: isipigwe ovyo, kila ikipigwa sindano inakula kidogo, na nakala nyingine hakuna. Mdogo wangu akaniachia mimi. Sikuwahi kumpigia mama. Nimpigie kiziwi santuri, ili iweje?

Mume wangu alikuwa akitengeneza redio katika karakana ya mzungu, kule chini upande wa ziwa. Nyumbani tulikuwa na redio ya batri, ya zamani, aliyoifufua mwenyewe, na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ambayo aliiunganisha na redio kwa waya. Tulipoipiga santuri ile kwenye redio yetu tulisikia nyuzi na sauti, basi. Lakini siku moja aliipeleka karakana, akaniita niende naye, akaipiga kwenye spika kubwa ya huko, haut-parleur, opalere kama tulivyosema sisi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na meza. Mara mguu ukatwanga. Viwili, kisha kile cha kuchelewa. Kiliniingia tumboni, nikageuka nyuma kumtafuta.

"Huyu, maman atamusikia," nilimwambia mume wangu. "Papa, unasikia? Sauti hapana. Lakini muguu atausikia."

Alikuwa na spika moja kubwa iliyotupwa, karatasi yake imechanika, bosi wake akamruhusu aichukue. Aliishona kwa gundi na karatasi nyembamba, kazi ya uvumilivu. Lakini spika tupu, bila sanduku, haina mguu. Tulijaribu. Alinieleza kwa viganja vyake: "Mbele inasukuma hewa, nyuma inavuta. Zikikutana zinakulana. Lazima uzitenge." Hapo tukawa kitu kimoja. Ugomvi ulianza pale tulipouliza: hewa ya nyuma, tuifungie ndani, ama tuipe mlango?

Yeye alisema tufunge. Ndivyo alivyofundishwa kazini, sanduku lisiloacha hata tundu la sindano. Akatafuta mbao za masanduku ya chai, akaongeza nyingine nzito ili zisitikisike, akaziba kila kiungo cha mbao kwa ulimbo na nta, ndani akajaza sufi ya mto wa kulalia. Mto wangu! Alipomaliza aliniita, akasukuma karatasi ya spika kwa vidole polepole, akaiachia. Ikarudi taratibu, kwa uvivu. "Unaona? Hewa haina pa kutokea," alisema, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu lile furushi lifike.

Tukamketisha mama mbele yake. Mume wangu akasimama nyuma ya pazia na kuzungusha mashine kutoka huko, waya ukipita chini. Santuri ikaanza. Mguu ukatoka safi, mkavu, kila pigo peke yake, mzuri kabisa kwa mwenye masikio. Mimi machozi yalinilenga. Mama alikuwa akitazama uso wangu, si sanduku.

"Munanionyesha nini?" aliuliza.

Hakusikia kitu. Alisubiri kwa heshima, kama mtu anayesubiri wageni waseme shida yao, kisha akainuka akaenda kukaa na sahani yake iliyofunikwa.

Nilimrukia mume wangu kule nyuma ya pazia. "Umefunga mudogo wangu mu sanduku! Toboa!"

"Nikitoboa nguvu inatoka. Weye mutu wa kupika pombe ya kasiksi, unaacha mutungi wazi?"

"Na ule niliufunga sana ulipasuka, ama umesahau ulivyosugua dari?"

"Bibi, pombe iko pombe, sauti iko sauti."

"Na lulanga? Lulanga iko na tumbo wazi, ama hapana?"

Ukweli, hakuna kati yetu aliyejua alichokisema. Yeye alikuwa akirudia maneno ya bosi, mimi nilikuwa nikirudia ya jikoni. Tukanuniana. Nilimpakulia chakula bila neno, naye akala bila neno, na mama akitutazama midomo isiyosogea, akidhani labda na sisi tumekuwa viziwi.

Siku iliyofuata alipoenda kazini nilichukua msumeno wake mwembamba nikalitoboa mwenyewe. Tundu la upana wa bakuli, chini ya spika. Nilikata vibaya, kingo zilijaa meno, mkono ukaniuma. Aliporudi alisimama mbele ya sanduku. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo. Akainama, akapapasa yale meno kwa kidole. Akafungua waya akaunganisha.

Ee Mama Maria! Nilichokisikia si mdogo wangu. Nyuzi, sauti, mguu, vyote vilikuwa mlio mmoja, vuuu, vuuu, vikombe vikigongana, vumbi likitoka darini. Nilitaka kuziba tundu kwa mikono yangu. Lakini mama, aliyekuwa ameketi kule chumba cha pili na sahani yake, aliinua kichwa.

"Lori," alisema. "Kuna lori inapanda." Akatazama mlangoni.

Nilikaa chini. Amesikia, Mungu wangu, amesikia, na alichokisikia ni lori! Nilijipiga mapaja nikalia kwa hasira. Mume wangu angeweza kunicheka, haki ilikuwa yake. Alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Sasa tunajua anaweza kusikia," alisema. "Iyo njo ya maana. Nyamaza."

Alikuwa amekumbuka sanduku moja la kizungu alilowahi kulifungua kazini. Lilikuwa na tundu, lakini tundu lenye shingo, bomba lililoingia ndani. Hakuwahi kujua ya nini. Alifikiri kwamba tundu tupu linapayuka, na lenye shingo linachagua kitu cha kusema. Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli mpaka kijiji cha Miti, akaingia njia za mlimani, akarudi na mianzi minene ameifunga nyuma ya kiti. Tukaikata, tukaitoboa vifundo, tukaipanga ndani ya tundu langu baya kama kuni zilizofungwa pamoja, midomo nje, na nafasi za katikati tukaziziba kwa ulimbo. Sasa sanduku halikuwa lake wala langu.

Mianzi ikiwa mirefu sana mguu ulizama, ukawa mngurumo wa mbali. Ikikatwa kidogo ulipanda. Ikikatwa kupita kiasi lori lilirudi, na mwanzi uliokatwa hauungwi, ilibidi kuanza na mingine. Mwanzoni tulijaribia santuri za kucheza za jirani. Hazikusaidia, hakuna mguu wa mtu ndani yake. Wa kutuambia ukweli alikuwa mdogo wangu mwenyewe tu. Kwa hiyo tulimpiga yeye. Na kila tukimpiga alipungua. Kwanza ziliondoka zile sauti nyembamba za nyuzi, kisha maneno ya wimbo yakaanza kuvaa mchanga, kisha nikawa naelewa maneno kwa sababu tu niliyajua.

"Tunamumaliza," mume wangu alisema, ameinua sindano juu, hataki kuishusha.

"Shusha."

"Bibi, tutabaki na nini?"

"Nitabaki na mama! Shusha!"

Nilikuwa kama kichaa, nasema ukweli. Nilichagua. Sauti ya mdogo wangu, ya pekee iliyobaki duniani, niliitupa ndani ya mdomo wa sindano ile ili nipate kisigino chake. Kila nikisikia mkwaruzo umeongezeka nilikuwa naomba msamaha kimoyomoyo, kisha nasema tena shusha.

Ikatokea adhuhuri moja, mvua imekatika, mume wangu alikata unyoya tu wa mwanzi wa mwisho, akaurudisha. Mguu ukasimama. Sijui niseme vipi vingine. Nyuzi zilikuwa zimekaa mahali pake, nyuma kidogo, na mguu ulisimama peke yake sebuleni, mzito, wa mtu mzima mwenye kilo zake. Viwili. Kisha kile cha kuchelewa. Nilikimbia kumleta mama, nikamketisha, nikarudi nyuma.

Alikunja uso. Nilifikiri atasema lori tena. Akageuza kichwa upande, kama kuku anayetazama punje. Mguu ukatwanga, na mama yangu, ambaye tangu furushi lile alikuwa akizungumza kwa mnong'ono, alifungua kinywa akapiga kelele:

"Utanibomolea nyumba!"

Kisha akacheka. Alicheka meno yote nje. Mimi nilipiga magoti nikimsubiri alie, maana sasa amemsikia, sasa amejua, sasa itakuja. Nilikuwa tayari kumpokea. Lakini yeye alinyoosha mkono kulishika sanduku. Akapapasa mbao, akapapasa karatasi ya spika, akashuka, akafika kwenye midomo ya mianzi. Hapo mkono ukasimama. Kila mguu ulipotwanga hewa ilitoka mianzini ikampiga kiganjani, kisha ikarudi ndani. Ilitoka, ikarudi. Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Mume wangu fundi naye hakuwa ameliwaza.

Mama alinigeukia na uso wa msichana.

"Anapumua," alisema. "Munaniambia alikufa, na iko anapumua hapa."

Nilijaribu. Wee, nilijaribu! Nilimwonyesha santuri, nilimwonyesha waya, nilitia mkono wake ndani ya pazia ashike mashine. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwongo anayempenda. Nyuma ya pazia nilimwona mume wangu ameweka mikono yote miwili kichwani.

Siku hiyo mama alikula. Alifunua sahani ya mwanawe akaiweka mbele ya sanduku, ya kwake akaila yote, na mimi mjinga nikafurahi. Furaha yangu ilikaa mpaka santuri ilipofika mwisho. Pumzi ilipokatika kiganjani aliruka. "Anakata! Anakata pumzi! Murudishe!" Tukarudisha. Ikaisha, akapiga yowe, tukarudisha. Tulipojaribu kuacha alipiga paji lake kwenye mbao mpaka likavimba, nikamkimbilia mume wangu nikamwambia zungusha, kwa ajili ya Mungu, zungusha. Ikawa ndiyo kazi ya nyumba ile. Asubuhi mimi, jioni yeye. Mama hakutoka tena mbele ya sanduku. Kiganja chake kilikaa mianzini, na kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi hiyo, haukwenda kwenye sahani. Tukawa tumerudi palepale pa njaa, na pabaya zaidi, maana sasa hata usingizi aliukataa. Aliogopa mtoto asikate pumzi yeye akiwa amelala.

Bombani, mahali pa kuteka maji, jirani yangu wa nyumba ya tatu aliniambia mbele ya wote: "Mumefufua maiti, mutamurudisha wapi sasa?" Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na ukoo wake, na ndoo yake. Nikarudi nyumbani bila maji. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshajiuliza swali hilohilo.

Sauti ya mdogo wangu ilikwisha kabisa. Ilibaki mvumo wa mchanga, na chini yake mguu. Na mguu wenyewe ukaanza kuchoka, si kwa ajili ya santuri, bali batri. Redio yetu haikufanywa kwa kazi ile. Mume wangu alisema ataleta batri nyingine kutoka karakana, na kweli alasiri ile nilimwona anapanda njia ya kwetu ameikumbatia kifuani, nzito, shati limelowa jasho.

Ndani, mama alikuwa amelala kifudifudi karibu na sanduku, amesogeza shavu lake kwenye mianzi, vile unavyosogea kwa mtoto mgonjwa kusikiliza kama homa imeshuka. Nilikuwa nimezungusha mashine, santuri inaendelea kwa mwendo wake uleule, lakini pumzi ilikuwa nyembamba. Niliinama nikatia kidole. Kidogo sana. Kiguso tu, kisha kingine, kisha kile cha kuchelewa ambacho nusu hakikufika.

Mume wangu akainua pazia. Nilisimama mlangoni nikamzuia kwa mikono yote.

"Toka," nilimwambia.

"Bibi, batri njo hii. Iko batri tu."

"Najua iko batri. Acha."

Alinitazama. Akatazama juu ya bega langu, akamwona mama alivyolala. Macho yake yakajaa. Aliirudisha ile batri nje, nikasikia akiiweka chini kwenye changarawe taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

Mguu ukapiga. Nilijua umepiga kwa sababu niliona kope za mama zikicheza. Kisha hazikucheza tena. Santuri ilikuwa bado inazunguka chini ya sindano, hakuna kilichotoka. Mama alingoja. Akahamisha kiganja kwenye mwanzi mwingine, na mwingine. Akalamba mgongo wa mkono wake, akauweka penye midomo ya mianzi, hivyo wanavyofanya wakubwa kwa mtu aliyelala kitandani wakitaka kuhakikisha kama pumzi imekatika. Akaushikilia hapo. Mimi nilikuwa nimeng'ata leso yangu nisije nikasema lolote.

Akaketi. Akapanga kitambaa magotini.

"Amekata," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesema mvua imeacha. "Sasa nimeona miye mwenyewe."

Nilimsogelea, lakini hakunitaka mimi. Alikuwa anatazama pazia. Alijua nani yuko nyuma yake. Siku zote alijua.

"Mwana," alimwita. "Kuya. Umufunge."

Mume wangu, ambaye tangu anioe hakuwahi kusimama mbele ya mama yangu, aliingia. Aliingia macho chini, na bakuli la ulimbo na nta mkononi. Mama akamwonyesha mianzi kwa kidole. Mume wangu akapiga magoti karibu naye, bega kwa bega, akachukua nta, akailainisha, akaanza kuziba. Mdomo mmoja, akaukandamiza kwa dole gumba, akaenda kwa mwingine. Huyu ndiye aliyetaka sanduku lifungwe tangu mwanzo. Alikuwa analia mpaka nta inamteleza vidoleni, na mama akawa anamwokotea na kumrudishia mkononi.

Alipoziba wa mwisho, mama alipitisha kiganja juu ya yote, kuhakikisha. Kisha akavua kitambaa cha kichwa. Akaenda ukutani akachukua ile mikeka aliyoikunja, akaitandika mwenyewe sebuleni, na akafungua kinywa.

Kilio kile kilisikika mpaka bombani. Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani niliyemtukana, mkeka wake kwapani.